Kisu Katika Mwezi wa Mizimu

Ijumaa, 9 Agosti

Supu ya tambi imeisha mapema. Bi A-hao muuza matunda kaniuliza Yi-chun yuko wapi siku hizi. Nikajibu kwa sauti, foleni yote isikie: binti yangu yuko hospitali, tiyeta, anapasua matumbo ya wakubwa! Akasema, "Shoga, hata kuuza supu lazima umtaje daktari?" Lazima! Nimemzaa mwenyewe, mie niliyeishia darasa la sita.

Jioni Yi-chun kaja na majibu yangu ya vipimo. Uvimbe kwenye utumbo. Utolewe tarehe 20. Nikamwambia huu mwezi wa mizimu, milango ya kuzimu iko wazi, nani anakubali kisu mwezi huu? Tungoje ifungwe. Yi-chun aliosha bakuli moja, muda mrefu sana.

Jumapili, 18 Agosti

Siku ya kulisha mizimu. Meza nje mtaa mzima — kuku, pombe ya mchele, ubani. Yi-chun kacheza vikaragosi vya mkononi uani pa hekalu, kama marehemu baba yake. Vidole vile! Kikaragosi kachomoa upanga, kavua kofia, watoto wakapiga kelele. Mume wangu Kun-sheng ndiye aliyemfundisha.

Nami nikamwona Kun-sheng. Kasimama kando ya jukwaa, kashika tumbo upande wa kulia. Mwezi kama huu alikataa kisu — "Nangoja uishe." Kidole tumbo kikapasuka. Yi-chun alikuwa mdogo, ndiye aliyeshika beseni. Baada ya maziko akasema atakuwa daktari. Watu wakacheka. Mtoto wa muuza supu!

Jumatatu, 19 Agosti

Nimelazwa. Atanipasua mwalimu wake Yi-chun. Mtoto hampasui mamake. Nikamwambia Yi-chun, nimemwona baba yako. "Mama, jua lile lilikuwa kali." Manesi wote nimewaambia daktari Yi-chun ni mwanangu. "Bibi, umeshatuambia asubuhi!"

Jumanne, 20 Agosti

Nimeamka nimeamua. Narudi nyumbani, nangoja. Nimevaa viatu.

Nikachungulia dirishani. Chini, kwenye maegesho, Yi-chun na nguo zake za kijani za tiyeta, ana ndoo ya bati, anawachomea wafu pesa bandia za karatasi. Yeye! Aliyesema mizimu ni biashara ya wauza ubani!

Nikafungua dirisha, nikamsikia: "Baba, wewe ulingoja. Huyu niachie. Niachie, Baba." Kiberiti kinamponyoka. Vidole vile havijawahi kuangusha kitu.

Nimevua viatu.

Nesi kaleta kitanda cha magurudumu. Nimemwambia asubiri kidogo — yule pale chini ni daktari, ni mwanangu, bado anaongea na baba yake.