Shikamoo ya Baba kwenye Filamu

Sara, hutaamini. Ile filamu ya mwaka 1974 imepatikana, mjomba anayo kwenye simu.

Unamkumbuka yule mzee wa Belarus ambaye baba alikuwa akitusimulia habari zake, mtengeneza filamu na mshairi, aliyekuja Misigiri kupiga picha shamba la ujamaa?

Aliwaambia wanakijiji walime bila kutazama kamera. Lakini kila aliposogea na mvi zake, baba aliweka jembe chini, akavua kofia. "Shikamoo, mzee." Mkalimani akamsihi, "Ndugu Paskali, lima tu." Baba akajibu, "Mtu mzima huyu, nimnyamazie kama gogo?"

Mara saba, Sara. Mara saba. Mwishowe mzee akaiacha salamu humo humo, na filamu hiyo ndiyo iliyompa jina kwao.

Sasa sikia. Tangu tumzike baba Jumanne, mama hajasema neno wala kula. Nikamshikisha simu. Baba akatokea, kijana wa miaka ishirini na mbili, akavua kofia, akamtazama usoni. "Shikamoo."

Mama akamwangalia weee.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo, nani anakupikia?"

Halafu akaomba uji.