Kiti Kisicholala

Kwako Baba Zuhura, uliye mbele ya haki,

Rafiki zako wako barazani. Wamekuja baada ya sala ya alasiri, kama walivyokuwa wakija ulipokuwapo, na wameketi palepale: Mwalimu Idi kwenye ngazi, kerani Athumani juu ya kigoda ulichokuwa ukikalia wewe, na Shomari karibu na nguzo, kimya. Mimi nimo chumbani, eda yangu haijaisha, na kati yangu na wao ni mlango tu. Nasikia kila neno. Wanazungumzia gari jipya.

Barua hii siifungi. Nikiimaliza nitaipitisha chini ya mlango, waisome mmoja baada ya mwingine, maana nimechoka kusikiliza.

Walianza matanga yako hayajaondolewa. Watu bado walikuwa wanalala hapa, masufuria ya kuazima yako uani na ukoko wake, na Athumani akaja na habari kutoka Dar es Salaam. Wanaotengeneza magari madogo kama letu wanaliunda upya, litakuja na umbo jingine, na mtu wa duka lao la magari atapita kwa kila mwenye nalo amuulize anataka nini. Mwanzo walinong'ona, kwa heshima yako. Jua lilipotua, kunong'ona kulikuwa kumekwisha.

"Mimi nataka gia ya nne," alisema Shomari. "Hii ya tatu inanipigia kelele kama mke wa pili."

"Wewe hata wa kwanza huna," akasema Mwalimu Idi. "Kelele ya wa pili umeijulia wapi?"

"Kwako. Nyumba zetu zimepakana."

Wakacheka. Athumani akasema yeye anataka bampa za kung'aa, mtu akiinama ajione uso.

"Uso huo, Athumani? Mwombe Mungu bampa isitakate," akasema Mwalimu Idi.

Wakacheka tena, Baba Zuhura, na ubani wako ulikuwa bado unafuka chumbani. Mama yako mzazi alikuwa amelala kwenye mkeka amejifunika gubigubi. Akafunua uso, akaniuliza, "Wanacheka nini?" Nikamwambia wanakukumbuka. Hilo lilikuwa la uongo, na hasira yangu ilianzia hapo.

Usidhani nilichukia magari. Unajua sikuyachukia. Ulipokuja na lile gari mara ya kwanza, dogo, jeusi, mgongo wa duara, nilitoka mlangoni na unga mikononi nikasema, "Umetuletea kobe." Jina likakaa. Ukamfuta Kobe kwa kanga yangu kuukuu kila asubuhi kabla hujanywa chai, na nilipokwambia hata mimi sijafutwa hivyo, ukanipangusa pua kwa kanga hiyohiyo, ikabaki na weusi mpaka jioni bila mimi kujua.

Gia ulinifundishia jikoni. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Ukachukua mwiko, ukausimamisha katikati yetu, ukanishika mkono. "Hii moja. Rudi kati. Hii ya pili, hapa usikaze, hii ina wivu." Nazi ikasahauliwa, mboga ikaungulia, nawe ukaila bila neno. Mimi niliyeishia darasa la nne nikawa najua gari kuliko Athumani anayekaa ofisini. Usiku ule nilijihisi mtu mkubwa.

Kwa hiyo niliposema neno juu ya kiti, sikusema kama mjinga.

Unaikumbuka siku ya Bi Tatu wa Mbegani. Uchungu ulimshika, mkunga akashindwa, mumewe akaja mbio kwako. Nilikwenda nawe. Tulimkalisha mbele, maana nyuma hapakuwa na namna, na njia nzima mwanamke yule alikuwa ameikanyaga dashibodi kwa miguu yote miwili, kichwa kimegota kwenye paa, akiniuma mkono. Mtoto alizaliwa salama hospitalini, alhamdulillahi. Tuliporudi nilikwambia, "Kiti hiki kingelala nyuma, kikawa sawa na kile cha nyuma, mgonjwa angenyooka. Si kazi kubwa. Ni bawaba tu."

Ukacheka. "Gari si kitanda, Mama Zuhura."

Ningesahau kama ungeishia hapo. Lakini jioni uliwasimulia barazani, nikasikia kwa mlango huuhuu. Kwa miezi kadhaa Shomari akipita anauliza, "Shemeji, kitanda chako kimepata magurudumu?" Nawe ulikuwa ukicheka pamoja nao. Sikukwambia kwamba iliniuma. Nakwambia sasa.

Halafu ikaja asubuhi ile ya mvua. Ulikuwa umekunjika tangu alfajiri, mkono upande wa kulia wa tumbo, umetota jasho na hewa ni ya baridi. Dresa wa zahanati alikubonyeza mara moja tu, uso ukambadilika. "Dar es Salaam, leo hii. Na alazwe. Asikunjwe, asitikiswe." Lori, ambamo ungeweza kulala, lilikuwa limekwenda Msata. Alikuwapo Kobe tu.

Shomari alikuja kuendesha. Alijaribu kukuingiza nyuma, na wewe unajua milango ni miwili, mtu huinama kama anayeingia banda la kuku. Ulipiga ukelele ambao sikupata kuusikia kwako. Akakuketisha mbele. Mimi nikapita nyuma yako, nikaingiza kanga chini ya makwapa yako, nikaifunga nyuma ya kiti, ili usimwangukie Shomari kila tulipotumbukia shimoni. Alazwe, alisema dresa. Nami nikakufunga umekaa, kama mzigo wa mkaa.

Tulivuka mto Mpiji maji yakiwa yanagusa daraja. Baada ya hapo ulisema neno ambalo ndilo la mwisho nililolisikia kwako. Hukuniambia mimi. Ulimwambia Shomari, "Taratibu na gia ya pili."

Tulipopita Bunju nikahisi kanga imekuwa nzito. Nilikuwa nyuma yako, uso wako siuoni. Nikauona kwenye kile kioo kidogo cha dereva, kipande tu, kidevu na midomo. Nikainama kwenye sikio lako nikakusomea shahada, macho yangu kiooni, na midomo yako ikatikisika. Nimeapa kwa nafsi yangu kwamba ilitikisika yenyewe, si kwa mashimo ya njia.

Unajua inavyofanywa kwetu. Roho ikitoka, macho hufumbwa, kidevu hufungwa, viungo hunyooshwa vikiwa bado laini. Macho Shomari alikufumba. Kidevu nilikufunga kwa leso. Miguu ningekunyooshea wapi? Mbele ni dashibodi, nyuma ni mimi. Nje barabara yote ilikuwa mto, hapakuwa na pa kukulaza hata panapotosha mkeka. Shomari akageuza gari. Mpiji tukakuta maji yamepanda juu ya daraja, tukasubiri. Tulisubiri mpaka alasiri, Baba Zuhura, watatu ndani ya Kobe, vioo vimefunga ukungu, na wewe umekaa kama abiria anayesinzia. Watu wawili waliokuwa wakisubiri kuvuka kama sisi walikuja kuchungulia, mmoja akakuamkia. "Shikamoo mzee." Shomari akaangua kilio. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeshika fundo la kanga narudiarudia moyoni: bawaba tu. Si kazi kubwa. Bawaba tu.

Waoshaji walipokupokea nilikuwa chumba cha pili. Nikasikia mmoja anasema, "Magoti yamekataa." Mwingine akasema, "Kandeni kwa maji ya moto, polepole." Walikukanda mpaka mtu akaja mlangoni kuuliza mbona magharibi inaingia. Ulikwenda kaburini magoti yako hayajakubali sawasawa. Ile nguo ya juu ya jeneza ilikuwa imeinuka katikati. Niliiona dirishani ikipita, na kila nikifumba macho naiona inapita tena.

Sasa nataka unijibu, ingawa najua hutanijibu. Shomari aliyekuwapo, aliyelia juu ya usukani, aliweza vipi, kabla hata matanga hayajaondolewa, kusema anachotaka ni gia ya nne?

Yule mtu wa dukani alikuja Ijumaa. Kijana mwenye adabu, sauti laini. Alibisha hodi, akasimama barazani akanipa pole kupitia mlangoni, nikamjibu. Kisha wakaanza. Mwalimu Idi akataka taa kali zaidi. Athumani akataka bampa zake, na mwili wa rangi mbili. Mwingine akataka redio. Shomari akaitaja gia yake. Kijana akawa anaitikia, "Naam, naam, na hilo pia." Nikangoja mmoja wao aseme. Nilingoja mpaka nikasikia kijana anaaga.

Nikakohoa.

"Mwanangu," nikasema, "wengine hawajaulizwa."

"Niwie radhi, mama. Sema."

"Kiti cha mbele kilale. Kikilala kikutane na cha nyuma, mtu anyooke."

Sijui nani aliguna. Athumani alisema kwa sauti ya chini, lakini mlango huu ni mwembamba, "Kile kitanda." Na mtu akacheka puani.

"Muulizeni Shomari," nikasema.

Hakuna aliyemuuliza. Nilisikia viatu vya Shomari vinasogea juu ya sakafu. Yule kijana ndiye aliyejibu, taratibu, kama mtu anayemwekea mgonjwa kikombe mdomoni. "Mama, nitakuwa mwongo nikikuahidi. Viti vimekwisha kuamuliwa huko. Picha ninayo hapa. Tunachouliza ni rangi, na mapambo mapambo hivi."

"Basi mlikuja kuuliza nini?"

"Tulikuja kusikiliza, mama."

Akaenda zake. Nao wakabaki na ile picha, wakaipokezana, wakasifu bampa.

Nimekaa na hasira hiyo tangu Ijumaa. Nina hasira na hao walioko ng'ambo wanaounda gari la watu wenye afya, kana kwamba mwenye gari dogo haugui, mkewe hazai, na mama yake hazeeki. Nina hasira na Athumani na uso wake. Na wewe pia nina hasira nawe, Baba Zuhura. Wewe ulikuwa na spana, ulikuwa na mikono, ulikuwa na jioni zote hizo chini ya Kobe. Ulitengeneza honi yake ikalia kama jogoo ili watoto wacheke. Bawaba hukuiweka, kwa kuwa aliyeisema alikuwa jikoni.

Jana asubuhi nilikwenda uani, kwenye kibanda chake. Ua umezibwa makuti, hakuna anayeniona. Nikachukua spana yako nikaanza kufungua kiti. Boliti za mbele zilitoka. Ya nyuma ilikataa. Nikaipiga, nikaivuta, nikaitukana kwa maneno uliyokuwa ukiyatumia ukidhani sisikii. Nikasikia mtu anakohoa nyuma ya ua.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Naweka nilichokiomba."

Nikamsikia Shomari akisogea karibu na makuti. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya baraza, "Hiyo ya nyuma ina kutu. Imwagie mafuta ya taa, uyaache yailainishe. Usiikaze, itakatika kichwa."

Nikaimwagia. Adhuhuri ikafunguka kama kifuniko cha chupa.

Kiti nimekiegemeza ukutani. Mahali pake, kuanzia chini ya dashibodi mpaka juu ya kiti cha nyuma, nimelaza mbao. Nimezitoa kitandani kwetu, upande wako. Upande wako hauna kazi tena, na mimi sasa nalala chini. Chini ya mbao nimeweka matofali, juu nimetandika godoro la sufi, na kando nimefungia ile kanga, ili mtu apate cha kushika. Gari si kitanda, ulisema. Nusu yake sasa ni kitanda, cha kwako mwenyewe.

Nilipomaliza nilipanda nikalala chali, nikanyoosha miguu. Ilifika. Wewe ni mrefu kunizidi, lakini ingefika na yako, nimepima kwa kanzu yako. Hapo ndipo nililia, Baba Zuhura, mara ya kwanza tangu ulipotutoka.

Ufunguo nimempa Shomari kwa tundu la ua. Nimemwambia Kobe hauzwi wala habadilishwi kwa hilo jipya, hata likija limepakwa dhahabu. Akiitwa na mgonjwa wakati wowote, aje amchukue Kobe. Atakayelazwa humo, alazwe amenyooka. Alisema, "Nimesikia, shemeji." Leo yuko pale kwenye nguzo, na wenzake wakimuuliza juu ya gia ya nne hajibu.

Sijakusamehe. Nakuombea kila baada ya sala, wewe wa kwanza, kabla ya wazazi wangu, na nikishamaliza kukuombea nakasirika upya. Mungu akupanulie kaburi lako, uwe na nafasi ya kunyoosha magoti.

Ni mimi mkeo, niliyekwambia.