Bustani ya watu wote

Jumapili, Buyenzi

Bustani ya watu wote! Basi mi na mama si watu.

Tulikuwa tunatoka hospitali, miguu yake imevimba, nikamukalisha kwenye majani apumuzike kidogo. Mulinzi akaja mbio: "Inukeni! Hapa ni bustani, si pa kukaa." Nikamuuliza, bustani ni ya nini basi? Akanijibu, bila hata kucheka, ni ya maharusi kupigia picha.

Majani yale tuliyapanda sisi, watu wa kartiye, wa mutaa huu, kwenye kazi za pamoja za Jumamosi. Mikono yangu ilitoka malengelenge.

Tukaenda kukaa kando ya mutaro unaonuka. Ile miguu inanitia wasiwasi.

Lakini kinachoniuma ni hiki: tulipoinuka pale bustanini, mi mwenyewe nilimuambia, "Mama, angalia, usikanyage majani."