Beseni la Wifi

Jumapili, 2 Februari

Umeshika! Ukangaga, yale majani ya majini niliyoyaleta kutoka bondeni nikadhani yamekufa, umechipua pande zote za dimbwi langu la uani. Vyura wamekuja wenyewe, hakuna aliyewaalika. Leo kereng'ende wawili walikuwa wanagombea jani moja kama wapangaji wa chumba kimoja.

Mama mkwe kapita, kasema wenzangu wanang'oa ndago, mimi nazipanda. Nikamwonyesha: shina la pembe tatu, ndiyo, lakini huu ni wa majini, hauvamii shamba. Akasema magugu ni magugu hata ukiyavisha suti. Nilicheka. Halafu nikaanza kuwaza, je, kama ni kweli? Mimi na wasiwasi ni chanda na pete.

Wifi yangu peke yake ndiye anayeupenda, na chumba chake kinatazama barabarani, dimbwi halioni. Daktari kamwambia apumzike mpaka ajifungue. Basi nimemtilia miche kwenye beseni, nikajaza maji mpaka juu, nikamwekea chumbani, chini ya dirisha. Kanikumbatia, yeye na tumbo lake.

Jumatano, 19 Februari

Wifi anasema mbu wanamwimbia hata mchana. Nimechota dimbwini kwa kikombe, mara nyingi. Hakuna kiluwiluwi cha mbu hata kimoja. Wanatoka wapi?

Jumanne, 11 Machi

Wifi kalazwa. Malaria — na mimba ya miezi saba!

Mume wangu karudi kutoka hospitali, hakugusa chakula. Mama mkwe hakunitukana. Afadhali angenitukana. Kasema tu, "Mwanangu yuko kitandani, na wewe unafuga mbu."

Mume kasema Jumamosi linakuja lori la kifusi, dimbwi lifukiwe. Nikaomba kwanza bwana afya aje aangalie. Kakubali, lakini hakunitazama.

Naogopa. Na nikijichunguza naona aibu, maana hata leo sehemu ya hofu yangu ni ya vyura. Mtoto akipatwa na jambo… hapana. Siandiki.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna! Hata kimoja!

Bwana afya kachota kila kona kwa upawa wake mrefu, sote tumesimama nyuma yake kama tunasubiri hukumu. Kakuta watoto wa vyura. Kakuta watoto wa kereng'ende, vidudu vyenye sura mbaya kweli, na kumbe ndio wanaokula viluwiluwi vya mbu. Kasema dimbwi lenye walaji halina neno. Maji ya kuogopa ni yale yaliyotuama peke yake. Ndani ya nyumba hakuingia, nilikuwa nimemwitia dimbwi tu.

Mama mkwe kanishika mkono mbele ya mwanawe, kaniomba radhi. Nimelia. Lori limeambiwa lisije. Na hospitalini homa imeshuka, mtoto anacheza.

Ningelala vizuri leo, ila hilo la maji peke yake linanikereketa. Sijui kwa nini.

Jumapili, 16 Machi

Wifi anarudi leo. Mume na mama mkwe wamekwenda kumchukua, mimi nikabaki kusafisha chumba chake. Nimetandika shuka, nimefagia, nimevuta pazia ili hewa iingie.

Beseni.

Ukangaga umestawi kuliko wa dimbwini. Mama mkwe amekuwa akiliongezea maji kila siku, asije binti yake akakuta umekauka, na macho yake hayaoni vitu vidogo. Yangu yanaona. Nimeinama, maji yanachezacheza. Viluwiluwi vya mbu, tele, vinajinyonganyonga. Chura gani angepanda beseni? Kereng'ende gani angeingia chumbani?

Ni mimi. Siyo dimbwi, ni mimi, na zawadi yangu.

Nimekaa kitandani kwake naandika. Nikimwaga sasa nani atajua? Nitasema nililigonga na ufagio. Mume hatauliza. Mama mkwe ameshaniomba radhi, na kusema kweli naipenda ile radhi yake, sitaki kuirudisha.

Lakini wifi ataliulizia. Nikimwambia limemwagika atapanda jingine, namjua. Atajaza maji mpaka juu kama nilivyomfundisha, na safari hii kitanda cha mtoto kitakuwa pale pale.

Honi! Wamefika.

Nimelinyanyua, nikalirudisha. Zito, na mlango wa kutokea ni huo huo wanaouingilia. Nasikia viatu vya wifi, taratibu, na mama mkwe anamwambia asilale kwanza, apite dirishani, kuna kitu chake amemtunzia.