Siku Niliyochagua Bunduki ya Mbweha

Jumamosi, mwezi wa nane. Doonside, Australia.

Upepo wa kutoka milimani umekuwa ukipiga madirisha tangu alfajiri, na mikono yangu imepasuka kwa baridi. Nimekunywa vikombe viwili vya chai na bado nina hasira. Leo, shajara, usitegemee maneno laini.

Nianze na mbuzi.

Jumapili iliyopita tulifika shambani baada ya kanisa, tukakuta mbweha ametutangulia. Kuku kumi na mmoja walikuwa wametapakaa, wengi hawana vichwa. Hakuwala. Aliua tu, akapita kwa mwingine. Karibu na uzio alikuwepo mbuzi mchanga aliyezaliwa wiki ileile, mweupe mwenye doa sikioni, naye alikuwa hai. Mbweha alikuwa amemla pua na ulimi, akamwacha hapo. Mama yake alisimama juu yake akiendelea kumlamba mahali pua ilipokuwa.

Nilimchinja mwenyewe. Shemeji yangu Deo, mdogo wa marehemu mume wangu, aligeuza uso. Nikaosha kisu, nikachukua ndoo ya chuma, nikaipiga kwenye nguzo ya uzio mpaka mpini ukang'oka na vidole vyangu vikatoka damu. Deo aliniacha nipige mpaka nikachoka.

Shamba lenyewe si letu. Mzee mmoja wa Kiaustralia anatukodisha kipande cha malisho, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Tuna mbuzi thelathini, kuku, na lengalenga, mchicha wa kwetu, wakati wa joto. Waislamu wa mtaa wa Auburn hununua mbuzi wetu, na Wakongo wenzetu huwataka kwa harusi na misiba. Siku za kazi nawaogesha wazee kwenye nyumba ya wazee kule Seven Hills, na wengine hunipiga makofi kwa sababu akili zimeshaondoka. Navumilia. Navumilia kwa sababu najua Jumapili nitakanyaga udongo wenye mbuzi wangu juu yake. Sasa huyu mnyama amekuja kunichafulia hata hapo.

Leseni ya bunduki nimeichukua mimi kwa sababu Deo, aliyewahi kuishika bunduki wakati wa vita vya kwetu, alikataa katakata. Aliniambia mwezi wa pili, mbweha alipotuulia kuku wa kwanza.

"Shemeji, ile kitu mimi siikamate tena. Tulete imbwa. Tuweke fence ya umeme."

"Imbwa tulileta, akakimbia. Fence tuliweka."

"Basi tuombe Mungu."

"Wewe uombe. Mimi naenda kufanya course."

Nikafanya. Nikafaulu mtihani, nikafunga sanduku la chuma la bunduki ukutani kwenye chumba cha kufulia, nikajaza fomu. Waliuliza ninataka bunduki kwa sababu gani. Niliandika kwamba wanyama wa porini wanaua mifugo yetu, na mwenye shamba akaniandikia barua ya ruhusa.

Sababu ya pili sikuiandika.

Nitaiandika hapa. Nataka kuua. Nataka kuona kitu chenye meno kinaanguka huku mimi nimesimama. Nimelitaka jambo hilo kwa miaka mingi, nikiimba kwaya, nikipika, nikikunja shuka za wazee. Wanaonijua wanasema mimi ni mama mpole sana. Hawajui lolote.

Basi leo asubuhi nilikwenda duka la bunduki pamoja na binti yangu Riziki, mwenye miaka kumi na tisa. Alikuja kwa sababu nilimwomba anisaidie na Kiingereza cha mambo ya bunduki, na kwa sababu yeye ndiye dereva mzuri. Njia nzima alikuwa amenuna. Yeye hununia hata buibui akiuawa.

Muuzaji alikuwa mzee mnene mwenye ndevu nyeupe na miwani inayoning'inia kifuani. Nilimwambia mapema kwamba kazi yangu ni kuogesha wazee, kwa hiyo asinipeleke kwenye vitu vya bei ya mabwana. Akacheka, akasema hata yeye karibu atahitaji kuogeshwa. Nikampenda.

Alinionyesha mbili, zote za risasi ndogo, zile ambazo pini ya bunduki huzigonga ukingoni kwa nyuma. Kwa jumla risasi za aina hiyo ni za bei nafuu. Bunduki ya kwanza ilikuwa two-two ya kawaida, mpya, kitako cha plastiki, nyepesi kama fagio. Risasi zake ni bei ya kutupa. Ya pili ilikuwa magnum, bado ya risasi ndogo lakini ndefu kidogo na yenye nguvu zaidi. Ilikuwa imetumika, ina kitako cha mbao chenye mkwaruzo mrefu, ndiyo maana wameipunguza bei. Lakini risasi zake zitakuwa zinanikamua kila nikizinunua.

"Kwa sungura, chukua ndogo," alisema. "Kwa mbweha, itafanya kazi akiwa karibu sana na ukimpiga kichwani. Ukikosea kidogo anakimbia na risasi tumboni. Atakufa, lakini kesho au keshokutwa, chini ya kichaka fulani."

Riziki alikunja uso. Mimi nilitabasamu.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimfikiria mbweha chini ya kichaka, tumbo linamuungua siku mbili, nikasikia utamu moyoni. Nikasema, "I'll take the small one." Na afe keshokutwa.

Muuzaji akageukia rafu nyuma yake, akaishusha two-two, akafungua komeo lake na kuchungulia ndani kuhakikisha haina kitu. Kisha akanigeukia nayo, mtutu ukielekea dari. Hakufanya kosa lolote.

Sikumbuki kuamua. Ninachokumbuka ni baridi ya sakafu kwenye soksi zangu. Simu yangu ilikuwa juu ya meza yake, na pochi, na pete ya ndoa. Viatu vyangu vilikuwa chini, vimepangwa sambamba, visigino vikimwelekea yeye. Goti langu moja lilikuwa limeshagusa sakafu.

"Mum, what are you doing?"

Muuzaji naye akasema kwa upole, "You can keep your shoes on, love." Maskini, alidhani ni desturi yetu ya heshima, kama mtu anapoingia nyumba ya watu.

Ni desturi kweli, ila ya bariyeri, vile vizuizi vya barabarani vya wenye bunduki. Kila aliyepita barabara ya soko kwetu wakati wa vita aliijua. Wakikugeukia na bunduki, viatu kwanza, visigino viwaelekee wao, wavae bila kuvigeuza. Halafu pesa, simu, pete. Halafu unalala kifudifudi. Ukifanya haraka unaweza kupita.

Mdogo wangu Byamungu alikuwa amevaa viatu vya kamba siku ile. Mvua ilikuwa imekaza fundo. Alihangaika nalo huku akiwaomba msamaha, "pardon chef, pardon chef," nao wakampiga risasi moja ya tumbo. Tundu lilikuwa dogo, ungeliziba kwa kidole. Nilinyoosha mkono nilizibe, wakaukanyaga. Nililala kando yake, uso kwenye tope, tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kuzama, nikimsikia. Aliomba maji. Akamwita mama. Mwishoni aliwaomba wammalizie, nao hawakutaka kupoteza risasi. Kijana aliyempiga alikuwa ameketi juu ya gunia letu la maharage, akijaribu viatu vya Byamungu. Alitabasamu.

Nimeishi miaka yote hii nikidhani nimesahau sura ya yule kijana. Kumbe nilichohifadhi ni lile tabasamu, na leo nimelitoa mwenyewe, mbele ya mwanangu.

Nilimwambia Riziki yote palepale, nimesimama na soksi, kwa Kiswahili, wakati muuzaji anajifanya kupanga makaratasi upande wa pili wa duka.

"Uncle Byamungu? You said he was sick," akasema.

"Nilisema tumbo ndilo lililomuua."

Riziki akainama, akachukua viatu vyangu na kuvigeuza, visigino vikanielekea mimi. "Vaa, mama," akasema. Mtoto huyu alikuwa hajanijibu kwa Kiswahili tangu akiwa darasa la pili.

Nikavaa. Sina viatu vya kamba, sijanunua hata jozi moja tangu siku ile, kwa hiyo haikuchukua muda. Nikarudisha pete kidoleni. Nikamwita muuzaji, nikamwambia ile ndogo airudishe. Nataka ile inayoua mara moja.

Safari hii hakunigeukia nayo. Aliilaza mezani, komeo wazi, akarudi nyuma hatua mbili. Nikaichukua mwenyewe. Ilikuwa nzito, lakini kitako kilikaa begani vizuri. Nimetanguliza malipo kidogo na kusaini ombi la kibali cha bunduki yenyewe. Sasa nasubiri serikali.

Nilimpigia Deo tukiwa garini.

"Umeileta?"

"Bado. Nangojea permit."

"Shemeji, uliogopa?"

"Niliogopa sana."

Nikasikia akizima redio yake. "Na umeichukua vilevile?"

"Nimechukua ile ya kuua mbio."

"Ni vizuri," akasema. "Ni vizuri, shemeji." Halafu akakata simu bila kuaga, jambo ambalo si kawaida yake. Nadhani alikuwa analia.

Asinione mtu nimekuwa mtakatifu. Mbweha yule nitamuua, na sitamlilia. Hasira yangu iko palepale ilipokuwa asubuhi, nimeigusa tu nikaijua jina. Lakini nikikosea, nitamfuata chini ya kichaka chake hata kama ni kwa magoti, na nitammaliza. Sitamwachia hata dakika moja ya ile siku ya Byamungu.

Je, hiyo inatosha kunitofautisha na yule kijana wa kwenye gunia? Sijui. Nitajua nikimwona mbweha.

Siku ile nilirudi nyumbani pekupeku, nyuma ya machela ya Byamungu. Leo nimerudi na viatu vyangu. Viko hapa mlangoni, nimevivua mwenyewe, na visigino vinanielekea mimi.