Chanjo Mbili, Mkono Mmoja

Jumatatu, 21 Machi 2022

Leo nimechomwa dozi ya nyongeza ya chanjo ya korona mbele ya benchi zima. Watu walijaa tangu asubuhi, ila walipojua kwamba hii si aina ile ya mwanzo, wakaanza kukumbuka shughuli zao nyumbani. Kuchanganya? Mwilini? Wakawa wanainuka mmoja mmoja. Basi nikapandisha mkono wa sare, nikakaa kitini, nikamwambia nesi mwenzangu, choma. Nikawakodolea macho. Wanane wakabaki. Dokta, mkuu wetu wa zahanati, akasema mimi ni bango linalotembea. Nilijisikia, nisiseme uongo.

Lakini ninayemtaka mimi hakuwa kwenye benchi. Mama. Mapafu yale – siku kumi na moja kwenye oksijeni mwaka juzi, nilizihesabu kando ya kitanda chake. Dozi zake mbili zina miezi tisa sasa. Na Ijumaa saa nane vichupa vitakavyobaki vinahamishiwa kituo kingine. Vitarudi lini, hakuna ajuaye.

Jioni nimemwambia. Hakuinua macho kwenye cherehani. Uzi wa juu na wa chini ukiwa si wa aina moja, kitambaa kinajikunja, akasema. Atanitazama kwanza. Nikiwa salama, tutaongea. Nitazame tu, Mama. Mimi na homa wapi na wapi.

Jumanne, 22 Machi

Baridi. Meno yanagongana. Bega kama limetwangwa. Homa thelathini na nane nukta tano.

Dozi za mwanzo ziliniuma mkono tu. Hii imenikamata. Najua ni kawaida, nimewaambia watu mpaka nimechoka: ukichanganya aina, mwili unaweza kulalamika zaidi kidogo siku moja mbili, halafu basi. Najua! Ila nilishatamba.

Dereva wa lori mwenye sauti ya honi, mmoja wa walioinuka jana, kanisubiri mlangoni. Umeamkaje, nesi? Fiti kabisa, nikasema. Akafurahi, akachomwa, na wengine kumi na mmoja nyuma yake. Nimesimama wima siku nzima kwa kiburi tu na dawa za homa nilizomeza chooni.

Halafu kituko. Kila asubuhi na jioni najaza fomu ya joto la friji ya chanjo. Huwa nne, au tano. Leo nimeandika 38.5. Joto langu mwenyewe! Dokta nusura atupe vichupa vyote. Kalamu imeteleza, nikamwambia. Akaitazama friji, akanitazama mimi, akaondoka.

Mezani Mama kaniuliza, hujambo? Sijambo, nimeshiba. Sahani sikuigusa.

Jumatano, 23 Machi

Homa imekwisha. Nimeamka nikiimba. Ila kwapani, kushoto, upande wa sindano, nina mtoki mkubwa kama kokwa la tende.

Na leo ndiyo Mama kaamua kunipima sare mpya. Inua mikono. Wa kulia ukapanda. Wa kushoto ukaishia usawa wa kifua, nikauma mdomo. Akazungusha tepu mkononi, juu karibu na bega: inchi kumi na tatu na robo. Akafungua daftari lake la vipimo. Januari: kumi na mbili na nusu. Miaka thelathini anapima watu. Wamemdanganya kuhusu viuno, wamemficha mimba, na tepu imewaumbua wote. Mimi nani?

Akakaa. Hakufoka, na heri angefoka. Sahani ya jana ilishamwambia nina homa. Homa haimtishi, alisema, keshaumwa makubwa kuliko homa. Anachoogopa ni kuambiwa hakuna kitu, kumbe kipo. Kama nimemficha hili, lipi lingine nimeficha? Hachomwi. Akakunja tepu, akarudi kushona.

Nimelia. Hasira, na yote ni yangu mwenyewe. Mtu ninayemtaka kuliko wote kwenye lile benchi, nimemfukuza mimi, kwa kujifanya chuma.

Alhamisi, 24 Machi

Nimeandika kila kitu kwenye karatasi kubwa, kwa kalamu nene. Usiku wa kwanza, baridi. Siku ya pili, homa 38.5, ilikaa saa kumi na nne, kichwa, bega. Siku ya tatu, mtoki kwapa la kushoto. Leo, mtoki unapungua, mengine yamekwisha. Chini nikaongeza: kifua kikiuma au pumzi zikikata, rudi hapa mara moja. Nikabandika mlangoni, nikaisoma kwa sauti. Nikasema Jumanne niliwadanganya.

Dokta akanivuta pembeni. Namfukuzia watu, akasema. Anayeondoka na aondoke akijua, nikamjibu. Wawili wakaondoka.

Akaja dereva wa lori, mkono umening'inia, uso umekunjwa. Homa tangu jana, akajua ndiyo safari, keshawapigia ndugu zake simu kuwaaga! Akasoma karatasi yangu kwa kidole, mstari kwa mstari. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mchana karudi na mke wake na shemeji wawili. Ishirini na tatu leo! Cheti changu cha unesi sijawahi kukionea fahari kama ile karatasi.

Mama nimemweleza yote. Kaniuliza tu kama hizo saa kumi na nne nilizihesabu kweli. Nilizihesabu. Akakata uzi kwa meno, akaenda kulala.

Ijumaa, 25 Machi. Saa sita na nusu

Yupo. Kaja bila kuniambia, gauni limepigwa pasi, kapanga foleni tangu saa nne. Nilitaka kumpitisha mbele, akanitolea jicho.

Kafika kitini. Sema, akaniambia. Nikasema, Mama, yote yameandikwa mlangoni. Mlango sikuuzaa mimi, akasema.

Nikasema. Baridi, homa, mtoki, yote, benchi zima likisikiliza. Nikasema na nisichokijua: kwa mapafu yake siwezi kumwahidi kwamba homa itakuwa nyepesi. Najua tu ugonjwa wenyewe ulimfanya nini. Kisha akamgeukia jirani yake kwenye benchi: huyu ni wangu, hanifichi kitu. Akafungua kifungo cha mkono wa gauni.

Nimechoma maelfu. Watoto, wanajeshi, Dokta mwenyewe. Mkono huu haujawahi kutikisika, na sasa unatikisika. Nimesema nafuata pamba. Niko stoo, pamba ninayo, naandika hivi nimeegemea maboksi ili vidole vitulie.

Anaita. Nesi, bega langu linapigwa na baridi huku. Nesi! Miaka kumi na tisa kazini, hajawahi kuniita hivyo.

Nakuja, Mama