Herufi Sita Chini ya Mtutu

Kwa Papa,

Mulembe. Goti linakusumbua bado? Na Mama, kile kifua kimemwachilia? Mimi mwili mzima. Roho nitakueleza. Dada Nekesa akikusomea barua hii asiruke penye uchungu, namjua.

Ile picha niliyokuahidi haipo, Papa, na haitakuwepo.

Kazi yangu huku Marekani unaijua: tunaunda bunduki za mtindo wa kale, za risasi moja moja. Unafungua, unatia risasi, unafunga, unafyatua, unaanza tena. Watu hapa wana bunduki za kisasa tele, lakini hizi ndizo wanazongojea mwaka mzima, na wakipewa wanazipakata kama mtoto mchanga. Mimi nachonga vitako vya mbao, napiga msasa, napaka mafuta kwa kiganja. Wananiita fundi. Wewe, kwa gobore moja ulilounda la kufukuza nyani shambani, walikuita mhalifu. Tupa ni ileile, moto ni uleule. Inanikera mpaka leo.

Na walikujuaje? Jina. Uliligonga kwenye gobore vile ulivyogonga kila panga la miwa ulilouza sokoni Lubao: BALASA. Nilikuwa shule ya msingi nilipokuja mbio kukuambia umekosea, kitambulisho kinasema Barasa, kwa R. Uliweka nyundo chini.

"Mimi hujiitanga Balasa," ukasema. "Kama nakosea jina langu, nani atalipatia?"

Askari walilisoma bila shida yoyote. Uliporudi kutoka gerezani ukafunga karakana, na sasa kuku ndio wanaolala humo.

Ndiyo maana bosi aliponiahidi kwamba bunduki nitakayoiunda peke yangu, mwanzo hadi mwisho, itabeba jina nitakalo, nilichagua lako. Nilisema Papa akiona picha, jina lake juu ya chuma na hakuna anayemfunga pingu, atawasha moto tena. Hilo tu nilitaka.

Nikaiunda. Miezi minane, Papa. Tulipoipeleka uwanjani, risasi ya kwanza ilikwenda kushoto. Nikagonga kilengeo kidogo, ya pili ikasogea, ya nne ikatoboa katikati. Harufu ya baruti ikanirudisha nyumbani Navakholo. Bosi akanipiga bega, na kwake hiyo ni sifa.

Siku hiyohiyo akanitajia kwa mdomo jina la mteja, nilichore kwenye bunduki nyingine. Kelly. Wallahi sikio langu lilisikia kwa ulimi wetu wa nyumbani, usiotenganisha L na R. Nikachora KERRY, herufi safi, nikaita aje aone. Bosi aliona. Alichukua tupa akaanza kulisaga jina hilo mwenyewe, uso mwekundu.

"Asiyejua herufi haandiki kwenye chuma changu," akasema.

Ahadi ikaishia hapo. Bunduki yangu ikachorwa jina la bosi, na aliyeinunua anaamini bosi ndiye aliyeiunda. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji amepona kweli, mgeni ndiye amebaki na kidonda.

Lakini waliniachia kazi ya mwisho, kukaza kitako kabla bunduki haijasafirishwa. Nikakivua. Upande wa chini wa mtutu, pale mbao inapofunika, nikagonga herufi sita. BALASA. Kwa L, vile unavyojiita. Nilipotoa simu nipige picha, bosi akaingia, nikafunika haraka na kukaza skurubu. Kwa hivyo utaniamini kwa neno langu tu. Lipo, Papa. Hakuna atakayelisoma isipokuwa kutu.

Msalimie Mama, na bibi yetu Kukhu, mwambie obusuma ya huku, ugali gani huo, haifai hata kwa mbwa. Senge, dada yako wa Isecheno, naye asidhani nimemsahau. Mjukuu wake nimesikia anaanza shule, Mungu amtunze. Nekesa, asante kwa macho yako.

Papa, nisamehe ile siku niliyokusahihisha. Fukuza kuku karakanani, hata kama hutawasha moto.

Ni mimi mwanao,
Wekesa Balasa